Sinema ya Nyuma ya Pazia

Solange alipoolewa Bunia, hakuna aliyemwonya kwamba sebule ya baba mkwe wake ina mpaka. Mpaka wenyewe ulikuwa pazia la maua mekundu, lililotenganisha sebule na korido ya kwendea jikoni. Upande mmoja alikaa Muzee Evariste na televisheni yake, upande wa pili alikaa Solange na sufuria zake. Kwao Butembo baba mkwe anakusalimia asubuhi, anauliza umelalaje, na ukimpikia vizuri anakusifu hata kama ni kwa shingo upande. Huyu wa Bunia, akisikia tu hatua za Solange, alikohoa kidogo, akageuza uso ukutani, akauacha huko mpaka mkaza mwana apite.

Emery, mumewe, alikuwa mtu wa njia. Kila Jumatatu alipanda gari la mizigo kwenda Ariwara kufuata vitenge na sabuni, akarudi Jumamosi amejaa vumbi na habari. Siku za katikati, nyumba ilikuwa ya watatu: Solange, Muzee, na mama mkwe, Mama Immaculée, mwanamke mweupe wa moyo aliyezungumza kwa niaba ya nyumba nzima.

"Mama, muzee ananichukia?" Solange alimuuliza siku moja wakichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Hapana. Ni haya tu. Kwetu iko vile."

"Na hiyo haya itaisha siku gani?"

Mama Immaculée, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu abatizwe, ghafla alikumbuka kwamba ana mazoezi ya kwaya.

Basi Solange alikuwa anakaa na jambo hilo moyoni, na lilimuuma. Alitaka siku moja tu aingie sebuleni kama mtu wa nyumba, avute kiti, aketi, amwite mzee yule Baba. Mpaka sasa hakuwa na neno la kumwitia, kwa sababu hakuwa amewahi kumsemesha.

Jumapili moja baada ya misa, jua likiwa limeshiba na paneli za sola juu ya bati zikinywa moto, Muzee alichomeka flashi kwenye televisheni. Solange alikuwa koridoni, ametoka kubandika maharage motoni. Yeye alikulia kwenye filamu za Wanijeria, zile ambazo mtu ameshaanza kumfokea mama mkwe wake kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Safari hii alisikia upepo na kwato tu. Akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mwanamume mmoja juu ya farasi alikuwa anakatiza jangwa. Akakatiza, akakatiza. Hakuna aliyesema neno. Solange alisimama pale akingojea angalau mtu mmoja amtukane mwenzake, na alipokuja kushtuka, filamu ilikuwa nusu na maharage yamenuka mpaka kwa jirani.

Muzee aliyala yale maharage ya kuungua bila kusema kitu.

Tangu siku hiyo Solange alikuwa mateka. Kila alasiri ambayo paneli ziliruhusu, alikuwa nyuma ya pazia, na kila alasiri alishangaa upya. Watu gani hawa? Mgeni anaingia mjini na farasi wake, na hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza ni mtoto wa nani. Anasukuma mlango wa baa usiofika juu wala chini, mlango ambao hata kuku angeupita, anaagiza kinywaji, anakiacha. Ugomvi ukianza, badala ya kuita wajomba wakae chini waumalize, watu wazima wanatoka katikati ya barabara na kutazamana mpaka jua linawachoka. Chakula chao ni maharage. Maharage asubuhi, maharage usiku, wala halalamiki mtu. Na mama zao wako wapi? Solange alitafuta filamu baada ya filamu asimwone mama hata mmoja, akaamua kwamba ndiyo sababu wanauana hivyo. Angekuwepo mama mmoja tu wa kutoka na mwiko, zile filamu zingeisha mapema.

Lakini alizipenda. Alizipenda kupita kiasi. Alijifunza kwamba anayeongea sana atakufa wa kwanza, na kwamba piano ikinyamaza inafaa kuinama chini ya meza. Alijifunza kumtambua mtu mwema kwa jinsi anavyomnywesha farasi wake kabla ya kunywa yeye. Akawa anatwanga sombe alfajiri ili alasiri iwe huru, na mara nyingine alijikuta anamnong'oneza mwenye kofia nyeupe ageuke nyuma, kuna mtu darini.

Kilichomharibia raha ni Muzee. Siku moja Solange aliangusha kifuniko cha sufuria, na hapohapo Muzee akaongeza sauti ya televisheni. Sawa, alisema Solange, nimekuwa kelele. Wiki iliyofuata Muzee alihamisha vitu vyote sebuleni: televisheni akaiweka kwenye ukuta wa mbali kabisa, na kiti chake akakigeuza kikalipa pazia mgongo. Sawa, sasa hata pazia langu halifai kutazamwa. Halafu, lililomkera zaidi, Muzee akaanza kumsimulia Mama Immaculée filamu. Na Mama Immaculée alikuwa amelala. Solange akienda kukoroga bugali na kurudi, alikuta mzee anaeleza kwa sauti, pole pole: "Immaculée, ule wa kofia nyeusi amekamata ndugu ya sherifu, amemufunga kwa muti." Mama anakoroma, mzee anaeleza. Anayelala anapewa maneno, mimi niliye macho ninapewa mgongo!

Jumamosi ile Emery alipofika, Solange hakumngoja hata anawe miguu.

"Lundi mi naenda na weye Ariwara," alimwambia uani, maana Jumatatu ilikuwa keshokutwa. "Tutapanga chumba."

"Kumefanyika nini?"

"Hakuna kitu kimefanyika. Njo kile kinanichokesha. Siwezi kuzeekea nyuma ya rido, Emery. Kama baba yako hanitaki, basi."

Emery alijikuna kichwa. Alikuwa mwepesi wa kupatana bei na watu wa forodha, lakini kati ya mke na baba ulimi wake uliingia mafichoni. Aliyejibu ni Mama Immaculée, aliyekuwa ameinama kwenye mbabula akipuliza makaa. Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Solange, ikala hapa. Nitakuambia kintu, na usimuambie kama ni mi nilisema." Wakakaa kwenye kibaraza. "Kwetu, muke mupya haingiake salon ya baba mukwe hivi hivi. Baba mukwe anamupatiaka kwanza ngombe. Anamuonesha, anasema, hii ni yako. Siku ile haya inaisha. Unaingia, unakaa, unamuita Baba. Lakini ngombe iko wapi? Zetu zilibakia Djugu, na mulima yake, wakati vita ilitukimbiza. Tulifika hapa na nguo ya mwili tu. Muzee atakupatia nini?"

"Nilimuambia nitauza moja kwa soko, nimuletee," Emery alidakia, kisha akajirekebisha. "Nitanunua. Alikataa. Alisema ngombe ya mutoto haiko zawadi ya baba."

"Na ile kiti," Mama Immaculée aliendelea, "unafikiri aliigeuza juu ya nini? Ni juu uangalie filime bila kuona macho yake. Ile sauti aliongeza juu ya weye usikie. Na mi, unafikiri nalalaka? Nafungaka tu macho. Anasemaka na weye, anapitisha kwa masikio yangu."

Solange alicheka, halafu akagundua kwamba analia. Aibu ilimshika, kwa sababu miezi yote hiyo alikuwa anapewa, na kila alichopewa alikihesabu kuwa tusi. Lakini alipofuta machozi, alisema lililokuwa kweli: pazia bado lipo palepale. Mtu hawezi kuishi maisha yake yote kwa kupitishiwa maneno kwenye masikio ya mwingine. Mfuko wa safari aliokuwa ameshaufunga hakuufungua.

Kesho yake, Jumapili, Muzee aliweka filamu ambayo Solange hakuwa ameiona. Ilikuwa na bunduki chache na ng'ombe wengi mno, kundi lililojaza kioo toka pembe hadi pembe, likipelekwa mbali kwenye mji wa gari la moshi. Emery alikaa mlangoni akitafuna karanga. Mama Immaculée alifunga macho. Na Muzee, ambaye kwenye risasi huwa ametulia tu, leo alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti.

"Ona vile banafanya," alimwambia mkewe. "Kukimbiza, kupiga makelele. Ngombe unamuitaka jina yake, anakuya mwenyewe. Bale bantu hawajue kazi."

Nyuma ya pazia Solange alikuwa anatazama kisogo cha mzee yule kwa macho mengine. Akajua kwamba akinyamaza leo, kesho atapanda gari, na huko Ariwara hatamwita mtu yeyote Baba.

"Mama," aliita kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Umuulize muzee, ile nyekundu ya mbele, ya pembe mupana, ni ya nani?"

Emery aliacha kutafuna. Mama Immaculée hakufungua macho.

"Evariste, anauliza ile nyekundu ni ya nani."

Muzee alikaza macho kwenye kioo. "Umuambie haina mwenyewe. Ni ya kuuzisha tu. Hata jina hawakuipatia."

"Mama, umuambie muzee ile ni bibaya. Ngombe muzuri vile, inakosa mwenyewe?"

Mama Immaculée alianza kupitisha ujumbe, lakini Muzee aliinua mkono kumzuia. Alichukua rimoti akasimamisha picha. Kundi zima likaganda na vumbi lake hewani. Mzee akanyanyuka, magoti yakilalamika, akavuka sebule mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya nundu ya ng'ombe mwekundu.

"Immaculée."

"Niko."

"Umuambie muke ya Emery, hii ngombe ni yake. Ni mi Evariste namupatia, mbele yako na mbele ya mutoto wangu. Kama kuko mutu anataka kucheka, aende kuchekea inje."

Hakuna aliyecheka. Mama Immaculée, aliyekuwa amelala fofofo kwa miezi, alipiga vigelegele vilivyomtoa jirani ndani.

Solange alisukuma pazia. Alipita taratibu, amefunga kitenge vizuri, asijue akae wapi, mpaka Emery alipomvutia kiti karibu na cha mzee. Akaketi kwenye ukingo, mikono juu ya magoti. Muzee Evariste alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi nzito, akarudi kwenye kiti chake. Picha ikaendelea.

Kundi lilifika mtoni. Maji yalikuwa ya tope na yenye nguvu, na wale wanaume wasiojua kazi waliwasukuma ng'ombe ndani yake bila hata kupima kina. Zikabaki pembe tu juu ya maji. Solange hakuwa amewahi kumwonea huruma ng'ombe maishani mwake, isipokuwa labda nyama ikipungua kwenye sufuria. Sasa alishika kiti kwa mikono miwili. Yule mwekundu aliingia, akaogelea, wimbi likampiga ubavuni, na pembe zake pana zikazama.

Solange alimgeukia mzee.

"Baba, ngombe yangu iko wapi?"

Muzee hakukohoa wala hakutazama ukuta. Alisogeza kiti chake karibu, akamwonyesha kona ya chini ya kioo, kwenye povu.

"Ngoja kwanza, mutoto," alisema. "Iko inakuja."