Kabla ya Siku ya Nane Usimwite

Kitendawili: nguo yangu siivui hata nikioga, haichakai, na nikifa mwingine ataivaa. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Ni jina.

Mjukuu wangu alizaliwa hapa Durban, Jumanne, jua likiwaka. Baba yake ni mwanangu Elysée, Mkongo kama mimi, fundi wa simu mjini. Mama yake ni Talya, Myahudi, mzaliwa wa hapa hapa. Kwao mtoto anafuata upande wa mama, kwa hiyo kijana wetu ni Myahudi. Jina lake la Kiebrania hutangazwa siku ya nane, siku ya kutahiriwa. Kabla ya hapo halitajwi. Mimi nilitoka flati yangu ya Albert Park nikahamia kwao kwa muda, ili nimwogeshe mtoto.

Siku ya pili alikuja mzee Zalman, baba yake Talya, uso umejaa furaha. Elysée akanitafsiria.

"Mama Godelive, tumepata jina! Nasikia marehemu mume wako aliitwa Gadieli. Hilo ni letu. Limo katika kitabu cha Hesabu, mmoja wa wapelelezi waliotumwa na Musa."

"Kumbe nililala na Myahudi miaka kumi na moja bila kujua," nikasema.

Elysée aliona haya kutafsiri. Talya, ambaye Kiswahili alijifunza kwa mume wake, alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, iko jambo moja. Sisi hatumpi mtoto jina la mtu aliye hai. Malaika wa mauti akitumwa kwa mzee, anaweza kukosea akamchukua mtoto. Baba Gadieli alikufa lini?"

"Vita vya tisini na sita," nikajibu haraka. "Uvira. Mwezi wa kumi."

"Mlimzika?"

"Tulimzika."

Sikusema tulizika nini. Gadieli alitoka asubuhi kutafuta chumvi, risasi zikaanza, watu wakakimbia kila upande, hakurudi. Mwaka ulipopita wazee walikata gogo la mgomba, wakalivika koti lake, wakalizika, tukalia. Mtu asipoonekana, ndivyo tunavyomfungia mlango. Kuanzia siku ile ukiulizwa unasema amekufa, na si uongo. Nilijiambia hivyo miaka yote hii.

Kosa langu lilianzia kwenye beseni. Kwetu bibi humwita mjukuu wake mume, ni utani wa siku zote. Basi kila asubuhi nilipomwogesha, mlango nimeufunga, nilimnong'oneza: "Gadieli, mume wangu, umerudi? Ulikuwa wapi, mhuni wewe? Njoo nikupake mafuta."

Siku ya nne mtoto alinitazama. Macho ya mtoto wa siku nne huelea tu, hayajui pa kutua. Haya yalitua usoni kwangu, kama ya mtu anayejaribu kukumbuka njia. Na tangu hapo hakulia tena. Talya akafurahi, "Mtoto mpole kama nini!" Mimi sikupenda. Mtoto mchanga asiyelia anasikiliza kitu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, nikiwa namwogesha, simu yangu ikaita. Namba ya Congo, siijui. Nikaibana kwa bega, mikono ina sabuni.

"Nani huko?"

Upepo tu. Halafu sauti: "Nani ananiita?"

Nilikaa chini sakafuni, mtoto mikononi.

"Kila asubuhi mtu ananiita jina," ikasema. "Nikigeuka, hakuna mtu. Mwambie aache. Au aniambie nije wapi."

Sauti ya mume wangu naijua, na haikuwa imezeeka hata kidogo. Mtoto akageuza shingo kuielekea simu. Maji ya beseni yalikuwa ya moto, lakini miguu yake ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Simu ikakatika. Nilipoipiga ile namba, nikaambiwa haipo.

Sikumwambia mtu. Mbali na Elysée, jina lile ndilo pekee Gadieli alilobakiza duniani, na mjukuu wake alikuwa karibu kulivaa. Nikisema ukweli, hatalivaa. Nikinyamaza, itakuwaje? Nilikaa na swali hilo siku mbili, na mtoto naye kimya.

Siku ya nane sebule ilijaa watu. Kiti kimoja kiliachwa wazi, cha nabii Eliya. Wanasema hufika kila mtoto anapotahiriwa. Mzee Zalman alimpakata mtoto juu ya mto mweupe. Ngariba wao, mzee mpole mwenye miwani, akauliza jina. Nikatazama midomo ya mtoto. Ilikuwa na rangi ya majivu.

"Ngojeni," nikasema. "Elysée, tafsiri. Sijui kama baba yako amekufa."

"Maman, unasema nini? Si mlimzika?"

"Tulizika mgomba."

Talya ndiye aliyetafsiri, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwangu.

"Ulijua kwa nini nilikuuliza, Mama."

"Nilijua, mwanangu."

Mzee Zalman akamfunika mtoto kwa mkono wake. Akafikiri kidogo, akasema, "Haimu. Ni jina la baba yangu. Kaburi lake nalifagia mwenyewe." Maana yake ni uhai. Ngariba akalitangaza, akakata, na mtoto akalia. Alilia mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nami nikalia naye.

Talya hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu akanipa mtoto na taulo. "Mwogeshe, Mama. Mwite jina lake."

Jumamosi, nilipokwisha kumsimulia habari ya ile simu, Elysée alinipeleka kwa Anaclet, kijana wa Albert Park anayesafirisha mizigo mpaka Uvira na kutafuta ndugu za watu waliopotea. Akafungua daftari lake.

"Umri?"

"Wakati ule alikuwa na thelathini na nne," Elysée akasema. "Sasa amepita sitini. Andika sitini."

"Andika thelathini na nne," nikasema.

"Eish, Maman! Mtu hawezi kukaa na umri mmoja miaka yote hiyo."

"Mimi ndiye niliyemsikia kwenye simu, Elysée. Wewe hukumsikia."

Anaclet aliandika zote mbili, na tangu hapo hakunitazama tena.