Mgonjwa wa Mfano

Watoto wa shule walimwita mama yangu Radi. Alikuwa mpishi wao, na sauti yake ilifika madarasani kabla ya harufu ya maharagwe. Mtoto akirudi kwenye foleni mara ya tatu, mama alimpokea kwa mwiko hewani: "Hiyo sahani yako ina minyoo? Mbona haishibi!" Kisha anacheka, anampakulia.

Siku moja moyo ukamwangusha kando ya jiko. Hospitali iliuzibua mshipa, ikamrudisha nyumbani na mfuko wa vidonge na agizo moja: asishtuliwe.

Shangazi yangu, dada wa baba, alilishika agizo hilo kuliko sala. Alihamia kwetu. Redio ikazimwa, majirani wakaishia mlangoni, hata baba akawa anatoka uani kupiga chafya. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea kabati, tangu chai ya asubuhi hadi taa zinawashwa. Ukimpa maji, asante. Ukimpa uji usio na ladha, asante. Mama yangu! Mtu aliyezoea kukurudishia chai kwa sababu kikombe kinanuka kitunguu!

"Shangazi, huyu si mama," nilisema.

"Ni yeye, ila ametulia. Moyo unataka utulivu. Hilo domo lako ndilo litakalomuua."

"Hata maiti imetulia."

Akanirushia kitambaa cha vyombo. Mama alitusikia. Hakugeuka.

Nilipokuwa nabadilisha shuka, vidonge vilimwagika kutoka kwenye foronya. Mama aliviangalia kama punje za mchele wa jirani.

"Mama, humezi dawa?"

"Vitanifikisha mwakani," alisema. "Mwakani kuna nini?"

Siku ya kliniki nilikwenda nao, yeye na shangazi, nimekaza meno. Ukumbi ulijaa wagonjwa wa moyo kwenye mabenchi. Kabla sijafungua mdomo, daktari alimshika mama mkono, akamketisha kwenye kiti cha mbele.

"Mtazameni huyu mama," akasema. "Hasumbui, halalamiki, anafuata masharti. Huyu ndiye mgonjwa wa mfano!"

Watu wakapiga makofi. Hata kumpima alikuwa bado hajampima!

Nikasimama. "Daktari, umemuuliza?"

"Nimuulize nini, kijana?"

"Lolote! Analala? Anatamani nini?"

Shangazi alinivuta shati. "Kaa chini, unatuaibisha!"

Daktari alitabasamu kwa uchovu. "Haya, mama. Unatamani nini?"

Mama alitazama viganja vyake.

"Sitamani kitu. Na vidonge nimeacha. Nimechoka kusema asante."

Kutoka benchi la nyuma, dereva mmoja mzee wa malori akakohoa. "Hata mimi, dada. Nikiamka, nakasirika kwa nini nimeamka."

Mwanamke aliyekaa mbele yake alijifunika uso kwa khanga.

"Sasa mbona hamkusema?" daktari akauliza. "Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Hawakuficha!" nikafoka. "Mnapima damu, mnapima mkojo, mnapima hadi kiuno. Huzuni ndiyo haina kipimo? Mtu hataki kuishi, nanyi mnampigia makofi!"

Nesi alijibu, macho sakafuni. "Kipimo kipo. Ni maswali machache tu. Na mshauri yupo, chumba cha juu. Huzuni hii huwapata wengi wenye ugonjwa wa moyo, na inatibika."

"Yupo tangu lini?"

"Nimeanza kazi hapa nikamkuta."

Ngazi moja tu! Ngazi moja kati ya mama na msaada, na hakuna aliyejisumbua kuinua kidole amwonyeshe.

Tukapanda siku hiyohiyo. Mama akawa anaonana na mshauri kila wiki. Akapewa dawa nyingine isiyogombana na zile za moyo, akaambiwa atembee na mlango ufunguliwe kwa majirani. Haikuwa miujiza. Kuna siku alirudi kulekule kwenye kabati. Lakini mchana mmoja alionja supu, akaweka kijiko chini.

"Wifi, hii ni supu au maji ya kuoshea mchele?"

"Wifi, taratibu, moyo wako!"

"Moyo wangu uache. Tuongee kuhusu sufuria yako."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi alinuna siku nzima, na mimi nikamwacha anune.

Tuliporudi kliniki, daktari alikuwa mwingine, lakini kiti kilikuwa kilekile. Safari hii aliketi fundi saa mmoja, mikono mapajani, macho yameenda mbali.

"Mtazameni huyu mzee," daktari akaanza. "Hasumbui..."

Mama akasimama. Shangazi akadaka ncha ya gauni lake, akaikosa.

"Daktari, umemuuliza?"

Ukumbi mzima uligeuka. Ilikuwa ile sauti ya jikoni, ile iliyotangulia maharagwe. Hakungoja jibu. Aliburuta kiti kingine, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu yote, akakaa goti kwa goti na fundi saa.

"Kaka, mimi wananiita Radi," alisema. "Unalala?"