Figo ya Mama Tumboni mwa Mjomba

Kwa miaka thelathini Mjomba alitafiti jambo moja tu: namna ya kuufanya mwili wa mtu ukubali figo ya mtu mwingine. Alianza na panya, akaja kwa watu, akajaza makabati kwa vipimo vya damu. Kisha figo zake mwenyewe zikagoma, na mama yangu, mdogo wake wa mwisho, akampa moja.

Tangu hapo hana raha. Si kwa sababu ya figo. Kwa sababu ya Mama.

"Figo yangu imeamkaje?" Mama humuuliza kwa simu kila asubuhi, kabla hata ya shikamoo.

"Imeamka salama. Nami nimeamka salama, kama kuna anayejali."

"Wewe sijakuuliza."

Jumatano nilimsindikiza Mjomba kliniki, mwanangu mgongoni. Njiani akanifundisha. Mwili una mlinzi mkali asiyejua kutofautisha mwizi na mgeni. Dawa humsinzisha kidogo. Ikizidi, mlinzi analala fofofo na magonjwa yanaingia. Ikipungua, anaamka na kumvamia mgeni. Ndiyo maana damu hutolewa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Ukimeza kwanza, kipimo kinadanganya.

"Wanaokosea hapo nawarudisha nyumbani," akasema, kifua mbele. "Sina huruma nao."

Foleni ilikuwa ndefu. Saa mbili kamili simu ya Mjomba ikalia: Mama.

"Umemeza?"

"Bado, leo nina..."

"Saa mbili hii. Nilikupa figo, sikukupa pambo. Meza nisikie."

Mjomba, aliyewahi kubishana na ukumbi mzima wa maprofesa wala asitoke jasho, akatoa vidonge mfukoni na kuninyooshea mkono. Nilikuwa nimeinama chini ya benchi nikitafuta kiatu cha mwanangu. Nikampa chupa ya maji bila hata kumtazama.

Saa tatu wakamtoa damu. Mchana tukaingia kwa daktari, mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu, dawa imepanda mno kwenye damu. Mwezi uliopita saba, leo kumi na tisa. Nakata dozi nusu."

Mjomba akaanza kukagua dari. Nikamtazama, akakohoa. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile chupa.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikaliwaza kovu la Mama, na zile wiki alizokaa akimtazama mjukuu wake bila kuweza kumbeba. Dozi ikikatwa kwa namba ya uongo, mlinzi anaamka, na figo ile inakwenda na maji.

"Daktari," nikasema, "Mjomba alimeza kabla ya kupimwa. Maji nilimpa mimi."

Kalamu ikasimama.

"Nilikuwa nampima mwanafunzi wangu," Mjomba akasema. "Nione kama atauliza."

"Na nisingeuliza, Mwalimu?"

Mjomba akaweka kiganja chini ya tumbo, ilipo figo, kama anayembembeleza mtoto. "Niliona haya. Ningesema kabla hatujatoka. Nadhani ningesema."

Daktari naye akainamisha kichwa. "Kila mgonjwa namuuliza amemeza saa ngapi. Wewe tu ndiye sikukuuliza. Nilijiambia, nani amuulize huyu?"

Wakatazamana kama watoto waliovunja sahani moja.

"Rudi kesho, Mwalimu. Bila kumeza."

Kesho yake Mama alikuja mwenyewe. Akakaa na vidonge mkobani, mkoba mapajani, wala hakuufungua mpaka alipoona pamba mkononi mwa kaka yake. Majibu yalipotoka, yalisema nane. Dozi ikabaki ileile. Mama alimshika Mjomba mkono akakaa nao muda mrefu.

Ilibaki kuandika kwenye faili kwa nini kipimo cha kwanza kimefutwa. Daktari akamsogezea Mjomba kalamu.

"Unaandika nini?" Mama akanyoosha shingo.

"Ukweli wa kitafiti." Akamsomea: "Mgonjwa alimeza dawa mapema kwa kumwogopa aliyempa figo."

Mama akafikiri. "Kuogopa ni neno zito. Andika kwa heshima."

Mjomba akafuta, akaandika heshima.