Fanueli Amekufa, Mwene Ameketi

Walimkamata baba yake Nesta akiwa juu ya paa, anaezeka. Ndiyo desturi ya Wanamwanga: anayechaguliwa kuwa Mwene, mtawala wao, haambiwi mapema, maana akiambiwa atatorokea ng'ambo ya mpaka kwa shemeji zake. Wazee walimvuta miguu, wakamfunika ngozi, wakaondoka naye mbio. Ngazi ikabaki imeegemea ukuta. Jioni mpiga mbiu akapita Ndalambo nzima akitangaza, "Fanueli amekufa! Fanueli amekufa!"

Jamani, mtoto wa miaka saba umwambie hivyo! Nesta alilia mpaka sauti ikakauka. Bibi yake, Loisi, akamweleza kwamba baba ni mzima, wamemfungia tu kwenye kibanda cha wazee. Kinachokufa ni lile jina, na akishatawazwa atakuwa baba wa nchi nzima. Maelezo gani hayo? Nesta hakutaka Mwene. Alimtaka baba yake amalize kuezeka, ashuke, wale ugali.

Siku ya kutawazwa uwanja ulifurika. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, alikaa kwenye kiti chake cha turubai akijifuta jasho. Fanueli akapitishwa mbele ya watoto, uso umepakwa unga mweupe, hata Nesta akamtambua kwa miguu tu. Akakalishwa kwenye kigoda, kawapa watoto mgongo. Hapo watu wakaanza kumtukana, kwani hiyo ndiyo nafasi yao ya mwisho.

"Mvivu wewe! Mbuzi wako wamenimalizia mahindi!"

"Fanueli! Wewe Fanueli, geuka nikuone!"

Naye alitakiwa anyamaze, macho mbele, mpaka avikwe kilemba. Akigeuka tu, basi, hafai. Anakalishwa mdogo wake.

Na huyo mdogo wake alikuwepo. Enoka, roho inamtoka kwa uchu, alikuja akachuchumaa nyuma ya Nesta.

"Unamtaka baba yako?"

"Namtaka, baba mdogo."

"Mwite basi. Sauti yako ataigeukia. Akigeuka, leo analala nyumbani."

Hakudanganya, mshenzi yule, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake. Alichonyamazia ni kwamba Fanueli atakuwa kichekesho cha nchi mpaka anaingia kaburini. Lakini Bibi Loisi alikwisha kulisema hilo, na Nesta alilikumbuka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee wa kilemba akaanza kukikunjua kile kitambaa. Akakiinua. Kabla Nesta hajajua anafanya nini, mikono imeshashuka.

"Tata!" aliita kwa Kinamwanga, kama alivyomwita kila jioni akimwona anarudi shamba.

Uwanja mzima ukamkodolea macho Fanueli. Shingo ya Fanueli ikakakamaa. Enoka alikwisha inuka nusu, akijiweka sawa nguo.

Fanueli hakugeuka. Kilemba kikashuka kichwani.

Lo, vigelegele! Enoka akayeyukia katikati ya watu. Nesta alibaki ameketi vumbini. Kumbe kweli amekufa, aliwaza. Baba yangu mimi, angekuwa hai, angeitika.

Watu wakapanga mstari kumpigia makofi Mwene mpya na kujitaja upya, kwa kuwa Mwene akishaketi huwa hamjui mtu, hata mkewe. Bibi akamsukuma Nesta mbele. Akapiga magoti, akapiga makofi, macho chini.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Sauti ilikuwa ileile.

"Wa Fanueli," Nesta akajibu. "Amekufa."

Wazee wakaguna kwa kulisikia jina lile. Nesta akainua macho, akaona unga wa mashavuni umelowa na kuchirizika mpaka kidevuni.

"Nilimfahamu," Mwene akasema polepole. "Alikusikia."