Kikaratasi Ndani ya Mfuko wa Shati

Mtaa mzima ulimwita Mama Mvuke, na mwenyewe akaitika. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu za mashati, na benchi ambalo mteja alilikalia kidogo tu achukue suruali yake, akaja kushtuka jua limeshahama upande. Habari zote za mtaa zilipita pale kunyooshwa.

Lakini kuliko umbea wote, Mama Mvuke alipenda blogu. Simu aliiegemeza kwenye kopo la wanga, macho yakaenda na mistari, mkono ukaenda na pasi. Na akipenda kitu hakuweza kukaa nacho peke yake. Alikata kikaratasi, akaandika jina la blogu, akakichomeka kwenye mfuko wa shati lililo tayari. Kila mtu na dawa yake. Fundi bomba aliyegombana na majirani wote alipewa blogu ya mwanamke anayemwandikia barua jirani wa juu asiyempenda. Nesi wa zamu ndefu alipewa ya mzee anayeandika habari za paka wake tu, miaka sita, paka yuleyule.

"We mama, umenipa nini?" nesi alikuja juu. "Nimecheka wodini mpaka mgonjwa ananiuliza kama ninaumwa!"

"Umefika wapi?"

"Paka amegoma kuhama nyumba."

"Basi hujaona kitu. Endelea."

Kikaratasi kimoja tu ndicho kilichomnyima raha: cha shemeji yake, fundi saa, mume wa marehemu dada yake. Kila wiki shemeji alileta mashati sita, na kila wiki, kwa miezi minane, yalirudi na jina lilelile mfukoni: Dirisha la Jikoni. Blogu hiyo aliiandika dada mwenyewe, miaka minne, bila jina lake, bila mumewe kujua. Angemwambia vipi mtu aliyeziita blogu porojo za waliokosa kazi?

Alipokaribia kuaga dunia, dada alimshika Mama Mvuke mkono. "Mpe kikaratasi kama unavyowapa wengine," alisema. "Usimwambie ni mimi. Akijua, atasoma kwa kunihurumia. Mimi nataka apende kwanza, ndipo ajue."

Sasa shemeji alikuwa anahama. Jumamosi angekwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na haya ndiyo mashati yake ya mwisho. Kumtumia kwa simu? Chochote alichotumiwa alijibu "sawa, asante", bila kufungua.

Na asubuhi ile, akifua, Mama Mvuke, aliyezoea kuchomeka vikaratasi bila kupapasa mifuko, alikuta kitu kigumu mfukoni. Donge jeupe, karatasi juu ya karatasi, zimefuliwa zikashikana. Akapapasa shati la pili. Donge. La tatu vilevile. Miezi minane shemeji hakuwa ametoa hata kimoja.

Alipokuja mchana na kuketi benchini, chumba kilikuwa kimejaa mvuke, mashati yanaelea juu kama watu wasio na haraka.

"Shem, mifukoni mwako mna uji," Mama Mvuke alimchokoza, akamwonyesha donge.

Shemeji aliligeuza mkononi kama saa iliyosimama. "Mfuko wa shati siingizi mkono," alisema. "Dada yako ndiye aliyekuwa akitia vitu humo. Leso, peremende. Tangu aondoke naogopa kuingiza mkono nikakuta hamna kitu."

Mama Mvuke aliinamia kola akainyoosha mara mbili zaidi ya ilivyohitaji.

"Yamebaki mashati mawili," alisema. "Nikusomee kitu, tusikae kama tuko kwenye foleni?"

"Porojo zako."

"Hizohizo."

Akasoma: "Dirisha langu la jikoni linatazama ukuta, na ukutani pana doa la maji. Asubuhi doa ni kondoo. Mchana ni nchi ambayo sijafika. Nimesafiri sana nikiosha vyombo."

Shemeji hakuwahi kuosha hata kikombe, kwa hiyo ukuta ule hakuujua. Alicheka kidogo, puani. Kisha akaegemeza kichwa, akafumba macho, na maneno yakawa yanapanda na mvuke, yanazunguka kwenye kamba, yanapita mikono mitupu ya mashati na kushuka taratibu mabegani mwake. Mama Mvuke alipomaliza kusoma, nje palikuwa kimya kana kwamba mtaa nao ulikuwa umeketi.

"Huyu ni fundi," alisema shemeji, macho bado yamefumbwa. "Ana nyingine?"

Pasi nusura iunguze shati.

"Anazo," alisema Mama Mvuke, akiiinua upesi. "Sikiliza hii." Akasoma: "Mume wangu huhesabu ngazi akipanda nyumbani. Ngazi ni kumi na tisa, yeye hufika kumi na nane, maana ile iliyovunjika haikanyagi wala haihesabu. Nikisikia kumi na mbili, nainjika chai."

Pasi ilipumua.

"Nikifika kumi na mbili," shemeji alisema polepole, "nilikuwa nasikia sufuria."

Alifumbua macho. Yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Alikukataza usiniambie."

"Alinikataza. Alitaka upende kwanza."

"Na mimi nimesema…"

"Umesema fundi. Nimesikia mimi, na mashati yote haya ni mashahidi."

Shemeji akacheka, safari hii kwa mdomo wote. Alisimama, akachagua shati la bluu lililokuwa bado na joto, akaugeuza mfuko wake nje.

"Andika jina la blogu yake hapa."

"Ngoja nikate karatasi."

"Karatasi umeona zinavyoishia. Tumia ile kalamu yako ya kutilia alama nguo za watu, ile isiyotoka hata ukichemsha."

Mama Mvuke aliandika juu ya kitambaa chenyewe, herufi kwa herufi, akapitisha pasi wino ukauke. Shemeji alilivaa shati palepale, juu ya jingine, akalifunga vifungo vyote. Kisha akaingiza vidole viwili mfukoni, taratibu, akaviacha humo.