Taa Inayojiwasha

Taa ile Hilaire aliiunda mwenyewe kwa ajili ya mama yake, Thérèse, ambaye baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole hata akashindwa kubonyeza swichi. Kando ya mlango aliweka kipande cha bati kisichorusha mtu kwa umeme. Ukikigusa, taa inawaka kidogo. Ukikigusa tena, inawaka yote. Samy, mdogo wake Hilaire, hakuwa akiingia wala kutoka bila kukigusa, kwa utundu tu.

Kisha vita vikafika Kibati, na Samy alikuwa amekwenda huko kununua makaa. Hilaire ndiye aliyemfuata, akamkuta, akamzika kwa mikono yake kando ya barabara. Aliporudi nyumbani Goma, mtaa wa Mapendo, ulimi ulikuwa mzito.

"Sikumuona, mama," alisema, na tangu hapo hakupata tena pa kuanzia kusema kweli.

Umeme wa Goma mnaujua, na kama hamuujui, bahati yenu: unapanda, unashuka, unatetemeka kama mwenye malaria. Kila ulipotetemeka, taa ilijiwasha bila kuguswa na mtu. Hapo Thérèse aligeukia mlango, uso umemchanua.

"Karibu, Samy. Ingia, mutoto yangu."

Hilaire alishindwa kuvumilia. Alitoa kapasita kwenye redio mbovu, akaiunganisha nyuma ya lile bati ili iimeze ile mitetemo. Kazi safi kabisa! Tangu siku hiyo taa ilitii kidole tu. Kama fundi, alijipongeza. Kama ndugu wa marehemu, alipumua.

Lakini mama akaanza kuacha chakula. Jumapili, baada ya misa, alikaa kwenye benchi akiitazama taa iliyozimika.

"Hilaire, mudogo yako hakuya tena kutuona. Tulimukosea nini?"

Hilaire aliisogelea ile taa. Akimweleza habari ya kapasita, amemuua Samy. Akimweleza ya Kibati, amemuua vilevile. Alimwonea mama yake huruma, na nafsi yake akaichukia.

"Ni taa ndiyo iko na panne, mama. Nitaitengeneza."

Akaing'oa ile kapasita, akarudisha bati mahali pake. Jioni, walipokuwa wakila, umeme ulitetemeka na taa ikawaka.

"Samy! Njo ukule," mama aliita, akacheka.

Hilaire akasogea kwenye benchi, akamwachia mdogo wake nafasi.