Mwanamume Mwenye Nguvu

Getruda alikuwa amechutama jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akigeuza viazi vitamu kwenye sufuria. Viazi vya bintiye Precious vilichemshwa na maganda yake, na vilipopakuliwa havikutakiwa kugusana. Vikigusana tu, sahani ilikwenda ukutani. Jua lilikuwa linazama upande wa Busisi. Mlango wa uani uliposukumwa, Getruda aliongeza kiazi kimoja bila kugeuka, kwa sababu mumewe alikuwa amefika.

Chenge alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, kwa kifua. Walimzika kwao Sengerema, ng'ambo ya maji, na enzi zote za kivuko hakuwahi kuonekana hata ndotoni. Kivuko kilikuwa na foleni, na marehemu hana nauli. Daraja lilipofunguliwa, wiki ileile alivuka kwa miguu, akaingia uani na shati alilozikwa nalo, akauliza mbona kuku wamepungua. Jirani yao alikuwa anaanua nguo. Alisema maendeleo ni kitu kizuri, akaendelea kuanua.

Maendeleo hayohayo yalikuwa yamemwacha Getruda mikono mitupu. Miaka yote alikuwa akiuza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha kwa abiria waliosubiri kuvuka pale Kigongo. Sasa magari yalipita juu ya daraja, vioo vimefungwa, na hakuna aliyesubiri kitu. Daraja ni zuri, asiseme mtu. Ila uzuri wake hauliwi.

Na mtoto alikuwa mmoja, huyo Precious, miaka tisa, ambaye daktari wa mjini alisema ana usonji. Hakuwa anaongea. Alivuma, mvumo mmoja mwembamba, mchana kutwa, na kabla baba yake hajaanza kuja, kumlisha ilikuwa vita. Kwa baba alikula vizuri. Chenge alipanga viazi kwenye sahani kimoja kimoja, akiacha nafasi ya kidole katikati, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hai, na Precious akala mpaka cha mwisho.

Shule ya karibu ilimpokea kwa wiki moja. Kisha mwalimu mkuu akamwita Getruda, akamweleza kwamba darasa lina watoto tisini na mwalimu mmoja, na mtoto anayepiga kelele kengele ikigongwa anawaharibia wenzake. Alisema kwa upole, na upole huo Getruda hajausamehe mpaka leo.

Ndipo alipompata Mwalimu Bernadeta, wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya Nyamagana. Mwalimu alikaa chini na Precious asubuhi nzima, wakipanga vizibo vya soda kwenye sakafu, halafu akasema huyu mtoto atasoma. Nafasi ilikuwa moja. Angemshikia mpaka Jumatatu ya kufungua shule, si zaidi, maana wazazi wengine walikuwa mlangoni. Kulikuwa na gari dogo la kuwachukua watoto na dada wa kuwaangalia njiani na darasani, lakini hayo mzazi alilipia mwenyewe. Asiyeweza aliomba msaada wa familia kwenye halmashauri, na afisa ustawi wa jamii alifika nyumbani kujionea.

Sharti lilikuwa moja tu: nyumbani asiwepo mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi.

"Wewe ni mjane," Mwalimu Bernadeta alimwambia. "Hapo huna shida."

Getruda alishukuru, akaaga. Jioni ile alimwomba mumewe asije kwa siku chache, kuna wageni wa serikali wanatarajiwa. Hakumwambia kingine. Chenge alikuwa mtu wa kuogopa serikali hata alipokuwa hai na leseni ya baiskeli mfukoni, kwa hiyo hakuuliza. Alisema atakaa ng'ambo mpaka wageni wapite.

Afisa hakuja kesho yake. Precious alikaa akiangalia mlango wa uani, akivuma, na viazi vikapoa. Jioni iliyofuata alianza kugonga kichwa ukutani. Getruda aliweka kiganja chake kati ya kichwa na ukuta, akakiacha hapo mpaka mtoto alipochoka, na asubuhi hakuweza kushika hata mwiko. Alijiambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Lakini moyoni alikuwa anamlaani huyo afisa, anamlaani na aliyetunga sharti, na alikuwa anasikiliza kila pikipiki inayopita.

Ijumaa jua likizama, aliinama kuepua sufuria kwa mkono mmoja. Alipoinuka hakusikia mvumo. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Alitoka mbio, akapishana na kijana mwenye miwani anayeshuka kwenye bodaboda na faili kwapani. Kijana alimsalimia na kujitambulisha, Pius, kutoka ustawi. Getruda hakusimama. Alikimbia peku kuelekea barabara kuu, ambako malori ya mizigo huingia darajani kwa mwendo wa kutisha, na roho yake ilikuwa imeshatangulia kuona kila kitu.

Malori yalikuwa yamesimama, pande zote mbili. Katikati alikuwa anakuja Chenge, taratibu, mtoto begani. Dereva mmoja alimpungia mkono, walifahamiana tangu enzi za kivuko.

"Nilikuwa nimekaa zangu ng'ambo," Chenge alisema alipomfikia mkewe. "Nikamwona anakuja peke yake. Ningefanyaje?"

Getruda alimgusa mtoto miguu yote miwili, akalia palepale barabarani, kisha wakarudi nyumbani kwa sababu mgeni alikuwa anasubiri.

Bwana Pius alikuwa bado amesimama uani. Alimtazama Chenge, akasita kidogo, maana hakujua umri wa marehemu unahesabiwaje, halafu akaona bora heshima izidi kuliko kupungua.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu sana."

Hapo ndipo Chenge alipoharibu. Kwao mgeni hasimami. Aliingia ndani, Precious bado begani, akatoka na lile benchi la mninga ambalo majirani huja wawili kulibeba wakiwa na msiba. Alilishika kwa mkono mmoja. Aliliweka chini, akalifuta vumbi, akamkaribisha mgeni. Getruda aliona macho ya Bwana Pius yakilifuata benchi toka mlangoni mpaka chini, akajua mambo yamekwisha.

Bwana Pius alikaa. Alikula kiazi kimoja, akatazama baba anavyopanga sahani na mtoto anavyokula, akasema kwa kweli mtoto ametulia. Aliuliza maswali machache, Getruda akajibu. Kisha akaaga, na Getruda akamsindikiza hadi njiani.

"Mama Precious, ulisema wewe ni mjane."

"Ni mjane. Kaburi liko Sengerema, na cheti cha kifo unacho kwenye hilo faili."

"Ninacho. Na mkono wake nimeushika, ni wa baridi, sibishi." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ila mwongozo hauulizi kama yu hai, mama. Unauliza kama yupo. Na yupo. Ana nguvu kuliko mimi."

"Basi mpeni kazi."

"Kazi itataka kitambulisho cha taifa, na chake kilifungwa alipofariki."

"Kwa hiyo kwenye kazi amekufa, kwenye msaada yupo."

Bwana Pius alilifikiria hilo kwa uaminifu kabisa. Akasema hizo ni idara mbili tofauti. Akamshauri kwamba marehemu asipoonekana mwaka mzima, na mwenyekiti wa kijiji akathibitisha, anaweza kuomba upya. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichoandika akiwa ameegemea kiti cha bodaboda, akampa pole, akaondoka.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wa kwake alikuwepo, na bado lake halikuwepo. Hasira ilimpanda Getruda mpaka masikio yakaziba. Mwaka mzima. Aliutazama mkono wake uliovimba, akaikumbuka barabara. Angemwambia mumewe ukweli, asingetia mguu pale tena, alimjua. Baba gani atakayekuja akijua kuja kwake ndiko kumemnyima mtoto shule?

Alirudi uani. Chenge aliuliza kama mgeni ameridhika.

"Ameridhika," Getruda alisema.

"Na shule?"

"Jumatatu."

Jumatatu Mwalimu Bernadeta alipiga simu saa nne, Getruda akamweleza. Mwalimu alisema amesubiri alivyoweza, na kuna mama kutoka Magu amelala mlangoni kwake. Aliomba asamehewe, na sauti yake haikuwa nzuri. Getruda alimwambia amchukue huyo wa Magu, naye ni mtoto.

Sare ilikuwa imeshashonwa. Precious alikuwa ameivaa tangu alfajiri, sketi ya bluu na shati jeupe, na hakukubali kuvuliwa. Alishinda nayo uani akipanga vizibo vya soda. Jioni baba yake alipofika alisimama mlangoni, akamtazama, kisha akapiga magoti na kumweka sawa kola. Getruda alikuwa hajawahi kumwona akifurahi vile, hata siku ya harusi.

"Leo wamemfundisha nini?"

Getruda aligeuza viazi kwenye sufuria. Moshi ulikuwa mwingi, akashukuru.

"Kuhesabu," alisema.

"Si nilikwambia huyu ana akili?"

Alichukua sahani, akaanza kupanga, kimoja kimoja. Kesho yake aliuliza tena, Getruda akasema irabu. Akauliza kila jioni, na Getruda akatafuta cha kusema, hata ikabidi awe anawauliza watoto wa jirani wanasoma nini. Muhula ulipokwisha alimwambia shule zimefungwa. Chenge akasema ni vizuri, mtoto apumzike, amesoma sana.